Kazi Yote Katika Mfuko Mmoja

Ndugu zangu, kabla vita havijaingia mjini, hali yangu ilikuwa hivi. Asubuhi nilifundisha Kilatini katika shule ya sekondari. Alasiri, umeme ulipokuwepo, nilitunga mchezo wa kompyuta kuhusu mbio za magari. Mchezaji haendeshi gari. Yeye ni mkuu wa timu: huajiri dereva na makanika, huchagua matairi, huamua gari lisimame lini. Sikuwa na kampuni nyuma yangu wala mwenzi wa kazi. Kila kanuni niliiandika mwenyewe, nikaipima, nikaiandika upya, kwa miaka.

Nanyi mnajua desturi yetu. Volkano imetufundisha kuweka kila kitu cha thamani katika mfuko mmoja karibu na mlango, ili siku ya kukimbia tusianze kutafuta. Kompyuta ilikuwa humo. Diski ya akiba nayo ilikuwa humo humo. Watu wenye silaha walipoingia nyumbani hawakuhangaika. Waliuchukua mfuko, wakaenda zao. Tulibaki hai. Midomo yangu ilimshukuru Mungu, lakini nawaambia kweli, moyo ulichelewa sana kuifuata.

Shule ilifungwa. Niliacha kunyoa ndevu, kisha nikaacha kuitikia salamu. Nilijaribu kuandika tena, kwenye karatasi, kanuni ya kuchakaa kwa matairi; nikaikumbuka nusu, nikaichana. Mke wangu akaniuliza: "Papa, mashini ndiyo walibeba. Weye, nani alikubeba?"

Siku moja alinituma nipeleke simu kwenye kibanda cha kuchaji, kule mtaa wa Katindo. Mwenye kibanda, mama nisiyemjua, alikuwa akiigombeza kompyuta yake.

"Mwenye alitengeneza huu muchezo iko na roho mubaya! Nikibadilisha pneu, naweka tairi za mvula, mvula inakatika. Nikiacha, dereva anateleza!"

Niliinama kutazama. Ulikuwa mchezo wangu.

"Ni miye nilitengeneza, mama."

"Weye?" Alinipima kwa macho. "Pardon, muzee. Basi punguza mvula!"

Nilicheka, kisha nikalia mbele ya wateja wake. Hapo awali nilimpa mwalimu mwenzangu nakala ya majaribio, nikamkataza kabisa kuigawa. Kumbe alimpa shemeji yake, ndiye mama huyu. Na kwa kuwa sikuwa nimeifunga programu isisomwe, maandishi ya kanuni zake zote yalikuwa ndani ya nakala ile. Mama alinirudishia yote, akanipa na pembe ya meza yake, pale penye umeme, nifanye kazi.

Sitaji majina, ila namshukuru mwenzangu aliyekataa kunitii, mama aliyenipa nafasi, na mke wangu aliyenituma. Ninyi nyote mlioniita "Papa Prof" barabarani hata nilipopita kimya, nilikuwa nawasikia. Ninachoweza kuwashauri ni hiki: mwenye kazi ya akili asiifiche mkononi mwake peke yake. Ampe na mtu mwingine nakala, hata yule asiyemwamini sana.

Mchezo umekamilika na watu wanaucheza. Lakini nakala ile ilikuwa ya zamani. Mbio za kwenda Bunagana, kule mpakani, sehemu niliyoipenda kuliko zote, niliziandika baadaye. Hizo hazikupatikana, wala sijaweza kuziandika tena.