Seva Iliyofunzwa Kusema Sawa

Kijiwe chetu kiko Changamwe, kando ya birika la kahawa la Fancy, mama muuza mahamri, hatua chache kutoka yadi ya makontena ninapolinda lango. Jana saa saba mchana alitujia Chrispine, kijana aliyeandika ile programu ya Java ya kutoa pasi za malori, shati limemganda mgongoni. Pasi ziligoma kutoka tangu asubuhi, na bosi amempa hadi saa nane: aonyeshe kosa lilipo au akusanye vitu vyake aende. Mungu anisamehe, tulimpisha kwenye benchi ili tumcheke kwa karibu.

Oduor, fundi wa breki tunayemwita Spana, akasema seva, ile kompyuta inayoendesha programu, imeliwa na chumvi ya bahari.

— Iko chumba cha baridi, Spana, Chrispine akamjibu.

— Basi ina mafua. Miaka minne chuoni, na kikohozi cha mashine hukisikii?

Gona, tunayemwita Profesa ingawa uprofesa wake ni miwani tu, akapinga. Kreni za bandarini Kipevu zikiinua kontena, alisema, ardhi hutikisika na herufi zikadondoka ndani ya programu.

— Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Seva yenu ina maji, bwana mdogo.

Nami, mzee wa kanisa mzima, nikatia yangu kwa sauti ya mimbarini: ofisi ile ilifunguliwa bila maombi, na programu yenye jina la Java, kisiwa cha watu huko mbali, itatiije amri Changamwe? Wakacheka. Nikafurahi.

Mwende, karani mpya wa mizani, alikuwa amesimama akingoja mahamri.

— Samahani, kaka. Mashine yenyewe imeandika nini?

Chrispine akainamia kikombe. Ipo logi, alisema, faili ambamo programu huandika kila linaloipata.

— Imeandika "Sawa".

— Sawa, na malori yamekwama?

— Makosa yalikuwa yakitokea mekundu, bosi akiyaona ananifokea. Nikaiagiza: kosa lolote likija, limeze, uandike "Sawa".

— Sasa la leo tutalijuaje?

Profesa akavua miwani. Spana akanitazama, maana kicheko huanza kwangu. Sikuweza kucheka. Kule langoni kitabu changu cha zamu, cha kujazwa kila saa, kilikuwa wazi mezani, na saa saba ile nilikuwa nimeshajaza "Hali shwari" hadi saa kumi na mbili jioni.