Sebule ya Mama Apendi

Benchi la Injinia liko Busia, upande wa Uganda, kando ya barabara ambako malori yanayosubiri kuvuka mpaka hupanga foleni kutwa nzima, na vumbi lake halina adabu. Jumamosi hiyo Oketcho, fundi wa bodaboda ambaye kijiwe kizima humwita Injinia, alikuwa amevimba kichwa, na haki ilikuwa yake. Nyumba iliyokuwa nyuma ya mgongo wake ilinukia rangi mpya, zulia limejaa sebule nzima, na yale matundu ya hewa juu ya madirisha alikuwa ameyaziba kwa saruji kwa mikono yake mwenyewe. Yote hayo kwa ajili ya kifua cha mama yake, Mama Apendi, aliyekuwa njiani kutoka Nagongera. Mama alikubali kuja kuangalia tu. Kifua kikikataa, angerudi kwake siku hiyohiyo. Oketcho alitaka abaki, alitaka hivyo kuliko kitu chochote.

Leonida, mkewe, aliwamiminia kahawa ya tangawizi yeye na wenzake wawili wa kijiweni.

— Vumbi ya lori haiingii tena, alisema Oketcho. Hata kidogo! Hiyo ndiyo nyumba ya afya.

— Buda, umeweza, alisema Okochi, mtoa mizigo forodhani, ambaye jina lake la hapo ni Kiliaransi. Hewa ni kama mzigo. Haiwezi vuka mpaka bila kukaguliwa.

— Na mbu je? alidakia Wesonga. Yeye huuza dawa za mifugo, kwa hiyo ni Daktari. Mbu nakosa pumzi, nakufa yenyewe. Hata kuku ukiweka humo, kideri haiwezi shika.

— Achana na kuku, alisema Kiliaransi. Hewa ikifungiwa inakomaa, inakuwa na nguvu. Mtu akiivuta mwaka mzima anarudi ujana.

— Krismasi Mama nacheza ngoma mpaka asubuhi! Oketcho alijipiga paja kwa raha. Daktari, wewe si uliona ile zulia?

— Niliona kwa mlango. Macho ilitoa machozi.

— Hiyo furaha.

— Eeh, furaha.

Leonida alikohoa kidogo, akaongeza kahawa.

Mara bodaboda ikasimama, Mama Apendi akashuka. Oketcho alimkimbilia kumpokea mfuko, mama akakataa kuuachia. Akaingizwa sebuleni kwa shangwe. Punde kikasikika kikohozi, kisha kingine, akatoka anapangusa macho, mfuko bado mkononi.

— Nyumba nzuri sana, mwanangu. Kwetu hakuna mtu nayo kama hii.

Oketcho alitabasamu hadi masikioni.

— Lakini mimi nauliza. Nimekuta nyinyi wote nakaa kwa vumbi ya lori, na mke wako pia. Ndani iko nzuri namna ile, nyinyi nafanya nini huku nje?

Oketcho alimtazama Kiliaransi. Kiliaransi akamtazama Daktari. Daktari akachungulia kikombe chake, nacho kilikuwa kitupu.

Oketcho akauona tena ule mfuko mkononi mwa mama.

— Leonida! Patasi na nyundo!

Wenzake walinyanyuka, wakamsogezea benchi chini ya dirisha, akapanda. Saruji ya tundu la kwanza ilipoporomoka, aligeuka huku anajipiga kifua, uso umejaa vumbi.

— Mama, ona! Hewa! Nimetengeneza mwenyewe!

Mama Apendi akaweka mfuko chini.