Maksai wa Mawe Pale Kivukoni

Kijiwe chetu cha kahawa kipo jirani na kivuko cha kwenda Kamanga, na tangu wiki iliyopita tumepata jirani mpya: sanamu ya maksai mkubwa, mwili wa mawe ya ufukweni, miguu ya magogo yaliyotupwa na ziwa, pembe za kweli. Mimi nilimpenda siku ya kwanza. Wenzangu wakamfanya kesi.

Aliyeanza asubuhi hii ni Chenge, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hazimiki.

— Ziwa limejaa mpaka limekula ngazi. Huyo amewekwa alinywe.

— Jiwe linywe maji? akauliza Jay, mwenye duka la misumari.

— Wewe umewahi kumwona anakojoa? Yanabaki humo humo.

Jay hakukubali kushindwa. Alisema tumboni mle wakubwa wameficha dhahabu ya Geita, ndiyo maana mlinzi wake hasinzii. Redio akaongeza kwamba juzi abiria walimkuta ng'ambo, miguu imelowa. Nilimwambia apunguze kahawa.

Mzee Mashimba wa Misungwi akaweka kikombe chini.

— Zile pembe ni za ng'ombe wangu, akasema.

Tukacheka. Redio akamkumbusha kuwa Kanda ya Ziwa nzima ina ng'ombe, na wote wana pembe. Mzee hakukasirika. Alisema ya kushoto imeinama, ncha imepasuka, na kwenye shina kuna alama ya kamba. Jay akaenda kutazama. Aliporudi hakuketi.

— Alama ipo.

Basi mzee akasimulia. Miaka kumi na miwili maksai yule alimvutia plau. Mwaka juzi mguu ukamshinda, mzee akampeleka mnadani, akaondoka bila kumtazama, maana alijua angelia mbele za watu. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo. Na mimi liliniuma, nisiseme uongo.

Hapo akaja dada mmoja na kopo la rangi na brashi.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba.

Ni Dorcas, aliyemjenga yule maksai. Pembe alizichukua machinjioni Misungwi. Mchana wageni wanakuja kumzindua, na ameambiwa aandike "Ng'ombe" kwenye jiwe la chini, lakini moyo wake umekataa. Tukamwelekeza kwa mzee. Dorcas akachuchumaa mbele yake.

— Baba, alikuwa anaitwa nani?

Mashimba akafikiri sana.

— Wenzake walikuwa na majina. Huyu sikuwahi kumpa. Nilikuwa nampigia mluzi tu, anakuja.

— Mluzi gani?

Mzee akaupiga. Ulianza chini, ukapanda mrefu, ukakatika, ukashuka taratibu. Muuza kahawa akaacha kumimina. Mzee alikuwa analia, wala hakujificha.

Dorcas akachovya brashi, akaisogeza kwenye jiwe, mkono ukabaki hewani.

— Sasa huo unaandikwaje?

Redio alifungua mdomo, akaufunga.