Mzinga wa Baba Kwenye Gari la Mashindano

Nyuma ya lori tulilopanda kwenda Biharamulo, Nestori, seremala mkimbizi wa kambi ya Lukole, alikumbatia kigari chake cha mbao cha kushindania mteremkoni. Alikuwa ameiga magari ya zamani ya Kimarekani, yale yenye pua ndefu.

Mama mmoja wa kijiji cha Nyakisasa aliikagua pua hiyo, akafoka: "Huu ni mzinga wa nyuki wa marehemu baba yangu! Alama yake hii hapa!"

"Niliukuta mtupu, mama."

"Uliukuta wapi? Si juu ya mti wetu?"

Kando yao nilikuwa nasali rozari, nikapoteza hesabu.

"Mashindano ni leo, mama. Mkimbizi nitapata wapi gari lingine?"

"Na mimi nitapata wapi baba mwingine?"

Lori liliposimama Nyakisasa, mama akakishusha kigari, akaingia ndani yake, akakamata usukani. "Haya, nisukume mpaka nyumbani!"