Dkt. Hilaria Gregori Mapunda, Aliyetaka Kwamsindi Ipande Mapema

Wasifu huu unasomwa na mdogo wa marehemu, Castory Mapunda, kijijini Kwamsindi, Handeni, Jumamosi tarehe 18 Machi 2023.

Ndugu waombolezaji, tangazo la kwanza lilisema tutamzika dada yetu Jumatano ijayo. Siku imewahishwa, na najua wapo waliotoka Korogwe na Kabuku alfajiri hii wakinung'unika njia nzima. Wana haki ya kunung'unika. Sababu ya kuwahisha imo humu katika maisha yake, kwa hiyo naomba mnivumilie nianze mwanzo.

Marehemu Hilaria alizaliwa tarehe 12 Januari 1966 katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge nje kidogo ya mji wa Korogwe. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Gregori Mapunda na Mama Edna, nami nilimfuata. Baba alitoka Songea kuja kukata mkonge kwa mkataba wa miaka miwili tu, na hakurudi tena. Mama alilima mahindi kwenye kipande cha ardhi nyuma ya kambi. Mwaka mmoja wa ukame mahindi yale yalikauka yakiwa yamefika magotini, huku mkonge ukiwa kijani vilevile. Hilaria akamwuliza baba kwa nini. Baba alikuwa ametoka kazini, mikono imechubuka, akamjibu, "Niulize unavyokatwa, nitakueleza. Hayo mengine kawaulize walimu." Akaenda kweli kuwauliza, na hakuacha kuuliza mpaka mwisho.

Alimaliza elimu ya msingi mwaka 1980 na kidato cha nne mwaka 1984, yote hapo Korogwe. Baada ya kidato cha sita na mwaka mmoja wa Jeshi la Kujenga Taifa, alijiunga na Chuo Kikuu cha Kilimo, Morogoro, alikopata shahada ya kwanza mwaka 1992 na ya uzamili mwaka 1996. Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka arobaini, mke wa mtu na mama wa mtoto. Siku ya mahafali Mama Edna aliwauliza wenzake kama udaktari huo unatibu malaria. Alipoambiwa hautibu, alisema basi atampigia vigelegele hivyohivyo.

Mwaka 1994 alifunga ndoa na Mwalimu Elisha Semboja wa Vugiri. Shemeji yetu alikulia milimani, kwenye ukungu na migomba, na alipenda kumtania mkewe kwamba kwao Vugiri mvua ndiyo inayowatafuta watu, si watu wanaoitafuta mvua. Walibarikiwa mtoto mmoja, Deogratius, aliyezaliwa mwaka 1997. Mwalimu Elisha alitangulia mbele za haki mwaka 2016. Walipendana, na ninyi mliofika kwao mnajua kwamba hapakuwa na mtu wa kumaliza sentensi mle ndani bila mwenzake kuidakia.

Kazi yake ilikuwa utafiti wa kilimo katika maeneo makavu. Kwa lugha rahisi, alitafuta namna ambayo mkulima wa Handeni anaweza kuvuna hata mvua zikiwa haba na zisizotabirika. Alipima mvua hapa Kwamsindi kuanzia mwaka 1999. Alifundisha kuchimba mashimo ya kupandia na kuyatia samadi, kuchanganya mahindi na mbaazi, na kupanda mtama unaokomaa haraka. Huo mtama, tuseme ukweli, wengi wenu mliupokea kwa heshima yake kisha mkawalisha kuku. Alijua, naye alicheka.

Lakini jambo alilolisema kuliko yote ni siku ya kupanda. Alionyesha, msimu baada ya msimu, kwamba masika yamekuwa yakichelewa kuanza na kuwahi kukata, na kwamba anayepanda mvua za kwanza zikishalowesha ardhi huvuna, na anayechelewa juma moja huvuna mabua.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe alilisimulia mwenyewe kila alipofundisha wanafunzi. Machi 1999, msimu wake wa kwanza hapa, mvua zilianza siku ileile alipofariki mume wa Mama Chausiku, jirani wa shamba lake la majaribio. Wenyeji mnajua desturi: kukiwa na maiti ndani, jembe haligusi ardhi mpaka azikwe. Maziko yalikuwa yanangoja ndugu kutoka mbali. Hilaria alihesabu kwamba jaribio lake litaharibika, akachukua vibarua wawili wa kutoka nje ya kijiji, akapanda. Sauti ya majembe ilisikika mpaka msibani.

Hakuna aliyemgombeza. Alisalimiwa, alipewa maji ya kunywa, na msimu mzima hakuna mtu aliyekanyaga kwenye shamba lake. Alikuja kwetu Korogwe siku moja akalia mbele ya mama. Mama akamwambia aache kulia, aende kwa mfiwa.

Akaenda. "Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba radhi."

Mama Chausiku alimkaribisha mkekani, akamwambia, "Marahaba, mwanangu. Anayeruhusu jembe ni mfiwa. Ungekuja kuniuliza, ningekuruhusu. Mume wangu naye alikuwa mkulima."

Tangu siku hiyo hapakuwa na msiba Kwamsindi ambao Hilaria alikuwa na afya na hakufika. Alimenya ndizi, aliosha masufuria, alilala chini na akina mama. Msiba ukiangukia mwanzo wa mvua, alikuwa akimsogelea mfiwa taratibu na kumwuliza kama watu wanaweza kupanda. Waliokubali walikubali. Waliokataa, alikaa nao bila kinyongo, na jaribio lake likangoja. Akaandika katika utafiti wake kwamba siku za kungoja ndugu wa mbali ni sababu mojawapo ya watu kuchelewa kupanda. Wenzake wa mjini walimcheka kidogo kwa kuingiza misiba katika sayansi. Alisema wao hawajawahi kulala njaa mwezi wa kumi.

Alianza kuugua Agosti 2021. Vipimo vilionyesha saratani ya kizazi, akatibiwa Dar es Salaam kwa vipindi, akapata nafuu, ikarudi. Tangu Januari mwaka huu tulimuuguza Korogwe. Februari aliniita, akaomba azikwe hapa Kwamsindi, kisha akasema, "Castory, mvua zikinikuta nimelala ndani, msiwafunge watu. Vuli haikuwapa kitu. Maghala yao ni matupu." Nikamwambia aache maneno hayo. Akaniambia nisimwambie aache, nimwambie nimesikia. Nikasema nimesikia.

Alifariki dunia Jumanne tarehe 14 Machi, saa nne asubuhi, mimi na binti yangu Ritha tukiwa naye. Jumatano mvua ikanyesha Handeni yote, mvua nzuri ya kuotesha. Nikapiga simu kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Ukasha, nikamwambia sisi wafiwa tumetoa ruhusa, pandeni.

"Mzee Castory, ruhusa tumeipokea na tunashukuru," akanijibu. "Lakini huyu amekaa mkekani kwenye misiba yetu yote. Leo yeye hajazikwa, sisi tushike majembe? Mikono haiendi. Tutamngoja mtoto wake afike, tumsitiri, kisha tutapanda."

Ndugu zangu, mlimheshimu mpaka mkataka kulala njaa kwa ajili yake. Niliumia, kwa sababu nilijua ndicho kitu alichokiogopa.

Mtoto huyo, Deogratius, yuko masomoni Uholanzi. Pasi yake ya kusafiria ilikuwa imeshikiliwa ofisini kwa ajili ya kibali cha kuishi kule, na asingeweza kufika kabla ya Jumatano. Alhamisi alipiga simu.

"Mjomba, mvua imenyesha?"

"Imenyesha."

"Watu wamepanda?"

"Hawajapanda. Wanakungoja wewe."

Akasema, "Basi mzikeni mama."

Nilibisha. Nilimwambia mama ni mmoja, nikamwambia atakuja kujuta akiwa mtu mzima, nikamwambia na mengine kwa ukali. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akasema, "Nikingojwa, nitamwona mama kwa saa moja. Halafu wenzake watakosa chakula mwaka mzima kwa sababu yangu. Sitaweza kusimama kwenye kaburi lake, mjomba." Aliomba jambo moja tu, kwamba udongo wake kaburini, ule wa mtoto, aweke Bibi Chausiku, yuleyule Mama Chausiku wa mwaka 1999. Bibi amekubali, na yuko hapa mbele, ameketi karibu na jeneza.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Deogratius. Mama yetu, Mama Edna. Mimi mdogo wake. Wifi yake, mke wangu Fausta, na binti yetu Ritha. Wakwe zake wa Vugiri. Na Kwamsindi nzima, ambayo naiandika hapa kama ndugu kwa sababu sijui niiweke wapi kwingine. Deogratius anatusikia sasa hivi. Simu aliyoishika Ritha ni yeye.

Familia inawashukuru wauguzi, jumuiya ndogondogo, akina mama wa pande zote mbili za dini, na kila aliyetuchangia. Chakula hakijapikwa leo, tunaomba radhi. Hapatakuwa na matanga. Tukishamfukia, hakuna mtu wa kubaki hapa kutufariji mimi na mama. Ardhi bado ina unyevu, na mbegu zenu bado ziko majumbani. Mfiwa mwenye mamlaka ametoa ruhusa kutoka mbali, na ruhusa hiyo imemgharimu maziko ya mama yake.

Dada Hilaria, pumzika kwa amani. Wenzako wanakwenda kupanda.