Timu ya Avenyu Yetu

Kwenye basi dogo la kwenda Lilongwe, mbele yangu, Fabien wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, alipakata mashine kuukuu ya michezo ya televisheni. Mama Béatha, jirani yake wa kiti, aliuliza ina ugonjwa gani.

“Mchezo wa mpira, yote Kijapani. Timu moja tu njo naweza kusoma majina: batoto ba avenyu yetu, mutaa wetu kule Bukavu. Bote balishakufa. Kaka yangu naye iko ndani ya timu.”

“Fundi aifute, mwanangu. Marehemu hachezi.” Ushauri wa basini hauna nauli.

“Balikuwa kumi, mama. Jana nimekuta jina la kumi na moja: Fabien.”

Mama aliondoa kiwiko chake kwenye mashine. “Wamekupanga wapi?”

“Pembeni ya kaka.” Alisema kama mtu aliyepata kazi.

Gari likasimama kwa mafundi wa televisheni. Mama akakunja miguu ampishe, lakini Fabien akaikumbatia mashine yake, hakushuka.