Kipa Mwenye Sauti ya Besi

Kwenye Noah ya abiria ya kutoka Kwa Sadala kwenda Moshi, nilikaa kati ya katibu wa timu ya mpira iliyofungwa mechi tisa mfululizo na mama mmoja, mwalimu wa kwaya. Walikuwa hawajuani, mpaka walipogundua kwamba kipa wa mmoja, Filemon, ndiye mwimbaji wa besi wa mwenzake.

"Mama, Jumapili tukifungwa tunashuka daraja," alisema katibu. "Niachie Filemon."

"Jumapili askofu anakuja, na besi ninaye huyo mmoja tu."

"Nitakupa beki wetu badala yake. Akiita mpira anasikika mpaka Rau." Mama akauliza kama anajua kuimba. "Hajui. Lakini hata kucheza hajui, na tumempanga msimu mzima."

Mama alilifikiria jambo hilo kwa uzito ambao sikuutegemea. "Filemon amefungwa mabao mangapi?"

"Arobaini na moja."

"Sasa baba, unamng'ang'ania wa nini?"

Katibu alitazama migomba nje. "Ndiye pekee anayekuja mazoezini."

"Hata kwangu," alisema mama kwa upole.

Noah iliposimama stendi, hakuna kati yao wawili aliyeshuka. Kila mmoja alikuwa na simu sikioni akimtafuta Filemon, na kila mmoja aliambiwa namba hiyo inatumika.